Nyama mbichi iliyogandishwa kwa mbwa: tathmini ya mteja baada ya miezi mitano

Sanduku la kwanza lilifika mlangoni kwangu mjini Leeds, Uingereza, mwezi Machi, siku ya Alhamisi, likiwa na kilo 18 za nyama mbichi ya kusaga iliyogandishwa katika vifurushi vya nusu kilo, ikiwa imezungushiwa matandiko mazito ya sufu ya kondoo ya kuzuia joto, pamoja na mfuko wa barafu kavu uliokuwa bado ukifuka. Nilitambua kosa langu kabla sijamaliza kukata utepe, kwa kuwa friza yangu ya droo tatu ilikuwa tayari imejaa samaki, mikate na mihogo ya duka la Waafrika, na vifurushi 36 havikuwa na pa kukaa. Naanza na jambo hili kwa sababu kampuni iliyoniuzia ilikuwa imeniuliza umri wa mbwa, uzito wake, vyakula vinavyomdhuru na hata jina lake, ili ilichape kwenye barua ya kumkaribisha, lakini haikuniuliza hata mara moja kama nina friza ya kutosha. Jioni ile tulikula samaki kwa wingi usio wa kawaida, na wiki iliyofuata nikanunua friza kuukuu ya kifuniko cha juu kwa pauni 90 na kuiweka bandani. Gharama hiyo haimo katika tangazo lolote la chakula hiki nililowahi kuliona.

Mbwa wangu ni jike, Labrador aliyechanganyika na damu nyingine, mwenye miaka sita na uzito wa kilo 24, nasi tunamwita Chai kwa sababu ya rangi yake. Maisha yake yote alikuwa amekula chakula kikavu cha punje, kile cha kumimina kutoka kwenye gunia. Alikuwa akijikuna masikio na kulamba nyayo, na watu tunaokutana nao tukimtembeza walinihakikishia kwamba nyama mbichi ingemaliza yote hayo. Kanuni inayotumiwa na wauzaji wengi ni kumpa mbwa mzima asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake kwa siku, nayo kampuni ikachukua katikati, asilimia 2.5, ambayo kwa Chai ni gramu 600 kwa siku na kilo 18 kwa mwezi. Kwa bei ya pauni 5.20 kwa kilo, hesabu ilifika pauni 93.60 kila mwezi, wakati chakula kikavu kilikuwa kikinigharimu pauni 28. Msomaji asishangae kwamba kilo za nyama ni nyingi kuliko kilo za punje, kwani takriban theluthi mbili za nyama mbichi ni maji, ilhali punje zina maji machache sana. Mtu anayelinganisha bei ya kilo kwa kilo dukani atajidanganya, kwa maana chakula kibichi ni ghali zaidi ya kinavyoonekana.

Nilichokiagiza mwanzoni kilikuwa kuku wa mchanganyiko unaojulikana kwa tarakimu zake, yaani asilimia 80 ya mnofu, asilimia 10 ya mfupa uliosagwa na asilimia 10 ya viungo vya ndani, ambavyo nusu yake ni maini. Fikra ya kumlisha mbwa namna hii ilienea tangu miaka ya 1990 kutoka Australia, ambako daktari wa mifugo Ian Billinghurst aliitetea kwa hoja kwamba mbwa aliumbwa kula mizoga na mifupa. Hoja hiyo ina mvuto wake, na yeyote aliyekulia karibu na bucha za kwetu hahitaji kuelezwa kwamba mbwa hupenda mifupa. Tatizo limo katika tarakimu zenyewe. Mnofu, mfupa na ini havitoshi kumpa mbwa kila anachohitaji kwa miaka mingi, kwani mchanganyiko wa aina hii unaweza kupungukiwa na madini ya zinki, manganizi na ayodini, pamoja na vitamini E, na mfupa ukizidi au ukipungua, uwiano wa kalisi na fosforasi huyumba.

Sheria ya Uingereza inalijua jambo hili, na ndiyo maana lebo hulazimika kusema kama chakula ni kamili au ni cha nyongeza. Chakula kamili ni kile ambacho mbwa anaweza kukila peke yake kila siku, na cha nyongeza ni kile kinachohitaji kukamilishwa na kitu kingine. Katika ukurasa wa kampuni hii aina zote mbili zilipangwa pamoja, kwa picha za mbwa wale wale wenye manyoya yanayong'aa, na neno "nyongeza" lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo za kijivu chini ya orodha ya viambato, mahali ambapo mnunuzi hafiki akishaona bei nzuri. Mimi nilimlisha Chai chakula cha nyongeza kwa wiki saba nikiamini ni mlo wake wote. Aliyegundua ni daktari wa mifugo, aliyeniomba nimletee kifurushi kitupu, akakigeuza, akaweka kidole juu ya neno lenyewe na kuninyamazia kwa muda ambao sikuupenda. Kosa la kutosoma ni langu, lakini kampuni inayojua kuuliza jina la mbwa ingeweza pia kuandika neno moja kwa herufi kubwa.

Tangu mwezi Mei nilihamia kwenye ng'ombe wa chakula kamili kwa pauni 6.40 kwa kilo, ambacho huongezewa karoti, madini na mwani kwa ajili ya ayodini. Neno mwani lilinifurahisha, kwa kuwa kwa msomaji wa Kiswahili linamleta mama mkulima wa mwani wa Paje, Zanzibar, akiwa kwenye maji ya magotini. Mwani wa Zanzibar huuzwa nje zaidi kwa ajili ya kutengeneza kareginani, kile kinachozifanya sosi ziwe nzito, na kareginani huingia pia katika baadhi ya vyakula vya mbwa vya makopo. Mwani wa kifurushi changu ni wa aina nyingine, wa bahari za baridi, lakini nimeridhika kujua kwamba mbwa wa Ulaya wanafaidi jasho la Unguja kwa njia moja au nyingine.

Kazi yenyewe ya kila siku ndiyo ambayo matangazo huipitia haraka. Kifurushi cha nusu kilo kinachotolewa kwenye friza saa mbili usiku na kuwekwa sehemu ya chini kabisa ya friji, ambako kipimajoto changu husoma nyuzi 4, kesho yake asubuhi huwa kimelainika pembeni tu, na katikati kina kiini cha barafu kinachopinda kijiko. Ni lazima kusubiri saa 24 kamili, ndani ya bakuli lenye kingo ndefu ili maji yasidondokee mboga. Kinapofunguliwa hutangulia maji mekundu yenye povu jepesi, ikafuata nyama ya rangi ya waridi yenye vipande vyeusi vya ini, na ukiipekecha kwa vidole utahisi chembe za mfupa kama mchanga katika mchele ambao haukuchaguliwa vizuri. Harufu yake ni ya buchani asubuhi, kabla jua halijapanda. Haichukizi, ila hukaa jikoni.

Siku ya kwanza Chai aliinusa, akanitazama, akainusa tena, kisha akaimaliza kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kuosha mikono. Baada ya hapo alilisukuma bakuli tupu kwa pua sakafuni, kutoka kwenye friji mpaka mlango wa bustani, akililamba njia nzima. Kwa upande wa mapenzi ya mbwa, basi, sina la kulalamikia. Tangu siku hiyo hajawahi kuacha hata chembe, na yeye ni mbwa aliyekuwa akiziacha punje zake mpaka jioni.

Kuhusu afya yake nitasema nilichokiona, na hakifiki mbali kama nilivyoahidiwa. Manyoya yake yamekuwa laini na yana mng'ao, jambo lisilo la ajabu kwa mbwa aliyeongezewa mafuta ya nyama. Kinyesi kimepungua sana na hakina harufu kali, na anayemtembeza mbwa akiwa na mfuko mkononi anaijua thamani ya hilo. Hata hivyo, katika zile wiki saba za kuku, kinyesi hicho kilikuwa kigumu kupita kiasi, kikageuka cheupe na kupukutika kama chaki, na asubuhi mbili Chai alijikamua kwa uchungu. Daktari alisema hiyo ni dalili ya mfupa kuzidi. Masikio nayo hayakupona kwa kuku, na sababu aliyonieleza ilikuwa rahisi kiasi cha kuniaibisha. Mbwa anayedhuriwa na protini ya kuku hudhuriwa na kuku aliyepikwa na kuku mbichi vilevile, na punje zake za zamani zilikuwa za kuku. Kubadilisha upishi bila kubadilisha mnyama hakukuwa kubadilisha kitu. Sasa anajikuna kidogo, lakini alipewa pia dawa ya masikio mwezi ule ule tuliohamia ng'ombe, na sitaipa nyama sifa ambayo huenda ni ya dawa. Ahadi ya kusafisha meno ndiyo iliyonishangaza zaidi kwa ujasiri wake, kwa kuwa nyama iliyosagwa haina kitu cha kukwangua jino, na ukoga uliokuwepo mwezi Machi upo hata sasa.

Jambo zito kuliko yote ni vijidudu, na hapa ndipo neno "kugandishwa" huwapotosha wengi. Baridi ya friza huwalaza bakteria bila kuwaua. Salmonela, listeria na E. coli huamka nyama inapoyeyuka, na kuendelea pale walipoachia. Sheria za huku hazikulala. Nyama inayotumika ni lazima itoke kwa wanyama waliopasishwa kuliwa na binadamu, kiwanda ni lazima kiidhinishwe, na sampuli tano huchukuliwa kutoka katika bidhaa, ambapo salmonela haitakiwi kuonekana hata katika gramu 25 za sampuli yoyote. Lakini sampuli ni sampuli. Mwaka 2018 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 35 za nyama iliyogandishwa kutoka kampuni nane, wakakuta listeria hatari katika 19, E. coli ya aina hatari ya O157 katika nane na salmonela katika saba. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipima sampuli 196 za chakula kibichi cha wanyama kati ya 2010 na 2012, ikakuta salmonela katika 15 na listeria katika 32. Hapa Uingereza, mwaka 2017, watu wanne waliugua E. coli O157 iliyohusishwa na chakula kibichi cha mbwa, na mmoja wao akafariki. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kimekuwa kikiwashauri watu wasiwalishe mbwa nyama isiyopikwa tangu mwaka 2012. Nao watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol wameonyesha kwamba mbwa wanaokula nyama mbichi wana uwezekano mkubwa zaidi wa kutoa katika kinyesi chao E. coli walio sugu kwa dawa muhimu, hata kama mbwa wenyewe wanaonekana wazima kabisa.

Haki inataka niongeze kwamba punje nazo si malaika. Mwaka 2012 watu 49 huko Marekani na Kanada waliugua salmonela iliyotoka katika chakula kikavu cha mbwa. Tofauti ni kwamba punje hupikwa, hivyo uchafuzi wake ni ajali inayotokea baada ya kupikwa, wakati nyama mbichi huja na vijidudu vyake kutoka machinjioni, na kazi yote ya kuvizuia huhamishiwa kwenye jiko la mteja. Wako watengenezaji wanaoipitisha nyama katika mashine za shinikizo kubwa ili kuwapunguza bakteria bila joto, lakini kampuni yangu haikuwa mojawapo. Mimi nina sifongo yake, bakuli lake na kitambaa chake cha dawa, na ile njia ambayo Chai hulisukumia bakuli naifuta mara mbili kwa siku. Nilipohesabu muda nilipata dakika kumi na tano kila siku, ukiacha zile anazotumia mbwa kunifuata nyuma na kulamba palepale nilipofuta.

Mwezi Mei mama yangu alikuja kututembelea kutoka Moshi. Asubuhi ya kwanza alisimama nyuma yangu jikoni, akiwa amejifunga khanga mbili kwa baridi, akaangalia nikimega ini kwa kijiko.

"Mwanangu, maini haya yamepimwa na bwana mifugo?"

"Yamepimwa, mama."

"Maana kwetu mbwa akikaa karibu na machinjio anafukuzwa."

Swali lake lilikuwa na maana kubwa kuliko alivyodhani mke wangu, aliyekuwa akicheka. Wafugaji wa Afrika Mashariki wanaujua ugonjwa wa mafuko ya maji yanayoota katika maini na mapafu, ambao Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika sana duniani. Mbwa hula ini la kondoo au mbuzi lenye mafuko hayo, tegu mdogo hukua tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, na mtoto anayecheza na mbwa huyo huyameza. Katika hili nyama ya kiwandani ina nafuu ya kweli kuliko nyama mbichi ya kuokoteza, kwa sababu viungo vimekaguliwa na baridi kali ya siku nyingi, ambayo haiwezi kuwaua bakteria, huwaua mabuu ya tegu huyo. Ndugu anayeusoma ukurasa huu akiwa Nairobi au Arusha na kufikiri kwamba anaweza kuiga mlo huu kwa kuomba mapafu na maini machinjioni, ajue kwamba ananakili jina tu la kitu, na aipike nyama hiyo vizuri kabla ya kumpa mbwa.

Mama ana miaka 74, na wiki ile ile dada yangu alileta mtoto wake wa miezi 11, anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni, ulimi wa Chai ukiwa mmojawapo. Daktari alikuwa ameniambia waziwazi kwamba nyumba yenye mtoto mchanga, mzee, mjamzito au mtu mwenye kinga dhaifu si nyumba ya nyama mbichi. Kwa wiki tatu zote Chai alirudi kwenye punje, akakaa mbele ya bakuli akinitazama kama mtu aliyedhulumiwa mirathi. Kampuni, nilipoomba kusimamisha agizo la mwezi huo, ilinitaka nitoe taarifa ya siku 14, kwa hiyo kilo 18 zikaja vilevile na kulala bandani.

Na sasa Julai. Agizo lilitumwa Jumanne, likatakiwa kufika Jumatano, likafika Alhamisi jioni katika siku yenye joto la nyuzi 29. Barafu kavu ilikuwa imekwisha kabisa. Vifurushi vya katikati vilikuwa bado vigumu, lakini 11 vya pembeni vilibonyea kwa kidole kimoja, na kipimajoto nilichokichomeka ndani ya kimojawapo kilisoma nyuzi 9. Nilipiga simu. Mhudumu, kwa upole wote, aliniambia kwamba kama nyama bado ni ya baridi ukiigusa nirudishe tu kwenye friza. Nilimwomba aniandikie maneno hayo kwa barua pepe. Akasema atawasiliana na idara husika, na jibu likafika baada ya siku sita, bila kuyarudia maneno yale, likiwa na vocha ya pauni 15 kwa ajili ya agizo lijalo. Vifurushi nilivyovitupa vilikuwa na thamani ya pauni 35.20. Kampuni siitaji kwa jina, lakini ushauri ule siusamehi. Nyama ya kusaga iliyofika nyuzi 9, na ambayo hakuna ajuaye imekaa hivyo kwa saa ngapi, hairudishwi kwenye friza ili ije kuyeyushwa tena jikoni kwa watu. Anayeuza chakula hiki anauza ubaridi kabla ya kuuza nyama, na ubaridi ukikatika njiani, kilichobaki ndani ya sanduku si bidhaa niliyoilipia.

Kwa nyama yenyewe ya ng'ombe, ile ya chakula kamili, natoa nyota nne, kwa kuwa mbwa anaipenda, tumbo lake limetulia na lebo yake haina ujanja. Kwa mchanganyiko wa kuku natoa mbili. Kwa huduma ya kuletea natoa moja, nayo ni kwa ajili ya ile sufu ya kondoo, ambayo mama aliiosha, akaianika na kuondoka nayo Moshi kutengenezea mito.

Nimejitoa kwenye mpango wa kila mwezi mwanzoni mwa Agosti. Sasa nanunua kilo nne kwa wakati katika duka la vyakula vya wanyama lililo umbali wa dakika nane kwa gari, nikiwa na mfuko wa kuhifadhi baridi, na ninazichagua mwenyewe kutoka chini ya friza yao, ambako vifurushi huwa vigumu zaidi. Chai hula nyama jioni na punje asubuhi, katika mabakuli tofauti na kwa saa tofauti, na dada akipiga simu kusema anakuja na mtoto, nyama hubaki kwenye friza mpaka waondoke.